Reli ya Burma Darasani: Namna ya Kufundisha Habari za Watu Wasioandikwa Majina

Wanachuo wetu warudipo kutoka katika mazoezi ya kufundisha, sisi wakufunzi wa historia huwauliza ni mada ipi iliyowatoa jasho. Jibu moja limekuwa likijirudia: Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Mwalimu mwanafunzi huanza na Hitler na Poland, hurukia Hiroshima na Nagasaki, na kabla hajavuta pumzi kengele imelia. Watoto hubaki na tarehe saba katika madaftari, nao hawajui ni kwa sababu gani babu za wazazi wao walivikwa sare za Keya, wakapakiwa melini, wakaenda kupigana katika misitu ya Burma.

Tunaloshauri katika makala haya ni kwamba mwalimu asijaribu kuimeza vita nzima. Achague jambo moja, alifundishe kwa vipindi viwili vya dakika 40, na kwa jambo hilo vita ionekane. Sisi tumechagua reli iliyojengwa na jeshi la Wajapani kati ya Thailand na Burma, nchi ambayo tangu mwaka 1989 huitwa Myanmar. Reli hiyo ilijengwa katika miaka ya 1942 na 1943 kwa mikono ya mateka wa vita na ya vibarua wa Kiasia. Tumeichagua kwa kuwa ina ramani, ina hesabu, na ndani yake limo swali ambalo mtoto wa miaka kumi na miwili anaweza kulishika: kwa nini wachache waliokufa wanajulikana kwa majina, na wengi waliokufa hawajulikani?

Mambo ambayo mwalimu hana budi kuyajua

Mwalimu asiyejua habari zaidi ya zile atakazozisema hawezi kujibu maswali ya watoto. Kwa hiyo tunaanza na habari zenyewe.

Japani iliingia vitani dhidi ya Uingereza na Marekani mwezi wa Desemba 1941. Tarehe 15 Februari 1942 ngome ya Waingereza ya Singapore ilisalimu amri. Mwezi wa Machi Waholanzi nao walishindwa katika kisiwa cha Java, na mwezi huo huo Wajapani wakauteka mji wa Rangoon, bandari kuu ya Burma. Kwa muda mfupi hivyo Japani ilijikuta ina makumi ya maelfu ya mateka mkononi, na pia ina jeshi kubwa huko Burma lililohitaji chakula, risasi na dawa. Meli za kulipelekea jeshi hilo mahitaji yake zililazimika kuizunguka rasi yote ya Malaya na kupita katika mlango wa bahari wa Malaka, na huko zilikuwa hatarini kuzamishwa na nyambizi na ndege za adui. Baada ya Wajapani kupoteza manowari zao kubwa katika vita vya Midway mwezi wa Juni 1942, hatari hiyo iliongezeka. Wakaamua kukata njia ya nchi kavu.

Njia yenyewe ilikuwa na urefu wa kilomita 415, kutoka Ban Pong upande wa Thailand hadi Thanbyuzayat upande wa Burma. Kwa mtoto wa kwetu umbali huo ni pungufu kidogo ya safari ya barabara kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma. Upana wa reli ulikuwa mita moja kati ya chuma na chuma, kipimo kile kile cha Reli ya Kati ya zamani aliyoijenga Mjerumani hapa kwetu. Lakini ufanano unaishia hapo. Sehemu kubwa ya njia ilifuata bonde la mto Khwae Noi, penye msitu mzito, miamba na mvua za masika zisizokatika. Wahandisi wa Kiingereza walikwisha kuifikiria njia hiyo miaka mingi kabla ya vita, wakaiacha kwa ugumu wake.

Wajapani hawakuiacha. Walianza katikati ya mwaka 1942, kutoka pande zote mbili kwa pamoja, na tarehe 17 Oktoba 1943 vipande viwili vya reli vikakutana karibu na Konkoita, ndani ya Thailand. Kazi iliyodhaniwa kuwa ya miaka mingi ilimalizika katika muda wa miezi kumi na sita hivi. Mashine zilikuwa chache mno. Mwamba ulitobolewa kwa mtaimbo na nyundo: mtu mmoja anashika, mwenzake anagonga, kisha baruti hutiwa ndani ya tundu. Udongo ulichimbwa kwa majembe na sururu, ukabebwa kwa vikapu na kwa machela za magunia na mianzi. Madaraja mengi yalijengwa kwa miti iliyokatwa papo hapo msituni.

Miezi iliyokuwa mibaya kuliko yote ni ile ya katikati ya mwaka 1943. Makao makuu yalitaka reli imalizike upesi, na saa za kazi zikaongezwa hata watu wakafanya kazi usiku kwa mwanga wa mioto na mienge. Walinzi walikuwa wakipiga kelele neno la Kiingereza walilolivunja kwa namna yao, 'Speedo', wakimaanisha haraka, na mateka wakakiita kipindi chote kwa jina hilo. Masika yalipoanza, kipindupindu kikaingia makambini, na watu walikuwa wamekwisha kudhoofishwa na malaria, kuhara damu, beriberi na donda ndugu. Chakula kilikuwa wali kidogo na mboga haba. Aliyeugua alipunguziwa hata hicho, kwa hoja kwamba asiyefanya kazi hastahili kula sawa na afanyaye kazi.

Mwalimu atataka pia kujua sheria ilisemaje. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1929 ulikataza kuwatumia mateka katika kazi zinazohusiana moja kwa moja na vita. Japani ilikuwa imetia saini mkataba huo lakini haikuuidhinisha. Hata maofisa, ambao mkataba uliwatoa katika kazi za mikono, walishikishwa majembe.

Ni nani hao waliojenga?

Hapa ndipo mahali pa kutulia, maana vitabu vingi na watu wengi hukosea hapa.

Mateka wa vita waliopelekwa kwenye reli walizidi 60,000. Waingereza walikuwa kama 30,000, Waholanzi kama 18,000, Waaustralia kama 13,000, na Wamarekani kama 700. Kati yao walikufa watu wapatao 12,500. Habari zao zimeandikwa sana. Mwaka 1952 mwandishi wa Kifaransa Pierre Boulle alitoa riwaya juu ya daraja la mto Kwai, na mwaka 1957 ikatengenezwa filamu iliyosifika dunia nzima. Filamu hiyo haikupigwa Thailand bali Ceylon, ambayo sasa ni Sri Lanka, na hadithi yake kwa sehemu kubwa ni ya kubuni. Mwalimu aliyeiona asiifundishe kama historia.

Lakini wengi wa wajenzi hawakuwa mateka. Walikuwa vibarua wa Kiasia, ambao Wajapani waliwaita kwa neno lao 'romusha'. Walikuwamo Watamil wa Malaya waliokuwa wakigema mpira katika mashamba ya Wazungu, Waburma waliokusanywa vijijini, Wajava waliosafirishwa kwa meli, Wachina wa Malaya na wengineo. Wanahistoria hukadiria jumla yao kuwa kati ya 180,000 na 250,000, na wako wanaotaja hesabu kubwa zaidi. Waliokufa mara nyingi hukadiriwa kuwa 90,000 au zaidi.

Watoto wa Tanzania watawaelewa haraka vibarua hao mwalimu akilitumia neno manamba. Kama manamba wa mashamba yetu ya katani, wengi waliahidiwa mshahara mzuri na mkataba wa miezi michache. Waliokubali waligundua kwamba mkataba hauna mwisho. Ambao hawakukubali walikamatwa. Wengine walifika pamoja na wake na watoto. Huko Burma, serikali iliyosimamishwa chini ya Wajapani ililitia kundi hilo jina la kishujaa, Jeshi la Jasho, na kila wilaya ikatakiwa kutoa watu wake.

Kwa nini walikufa wengi kuliko mateka, hali waliyavumilia mazingira yale yale? Swali hili mtoto ataliuliza, na mwalimu asipoulizwa aliulize mwenyewe. Mateka walikuwa jeshi hata baada ya kushindwa. Walikuwa na maofisa waliogawa kazi na chakula, na muhimu zaidi, walikuwa na madaktari, kama vile Edward Dunlop wa Australia, waliofanya upasuaji chini ya makuti na kutengeneza vifaa vyao kwa mianzi. Madaktari hao walijua kwamba kipindupindu huja kwa maji, wakawakataza watu kunywa maji yasiyochemshwa na hata kutumia chombo kisichotumbukizwa katika maji ya moto. Vibarua hawakuwa na mtu wa namna hiyo. Walitoka nchi mbalimbali, wakasema lugha mbalimbali, na hawakuwa na kiongozi wa kuwasemea. Kipindupindu kilipoingia katika kambi yao, wenye nguvu walikimbilia msituni, na wasio na nguvu walikufa walipolala.

Tofauti ya pili ilionekana baada ya vita. Maofisa wa mateka walikuwa wameandika kwa siri majina ya waliokufa na mahali walipozikwa, wakayaficha maandishi hayo, mengine yakafukiwa ardhini pamoja na maiti. Mwaka 1945, mara tu vita ilipokwisha, kikundi kidogo kilisafiri juu ya reli ile ile, orodha mkononi, kikayapata makaburi zaidi ya 10,000. Leo katika mji wa Kanchanaburi kuna makaburi ya kijeshi yenye mawe karibu 7,000, nyasi zimekatwa vizuri. Kwa vibarua hakukuwa na orodha ya kufichwa. Mwaka 1990, katika mji huo huo wa Kanchanaburi, lilifukuliwa kaburi la pamoja lenye mabaki ya mamia ya watu. Hapana aliyeweza kuwataja majina.

Kipindi cha kwanza: kamba, debe na taruma

Mwalimu atundike au achore ubaoni ramani ya Asia ya Kusini-Mashariki, yenye Singapore, Malaya, Thailand na Burma tu. Majina mengine yatawachosha watoto. Aonyeshe kwanza njia ya meli, kisha awaulize watoto ni wapi wao wangepitisha reli. Wataonyesha njia fupi iliyonyoka. Hapo ndipo atie milima na mto.

Kisha atoke nje pamoja na darasa. Achukue mambo nne na kamba, apime mraba wa mita moja kila upande, na asimamishe mti wa mita moja kuonyesha kina. Hii ni mita moja ya ujazo. Mwanzoni mwa kazi, mateka mmoja alitakiwa kuchimba na kubeba udongo wa kiasi hicho kwa siku. Baadaye kiasi hicho kiliongezwa kikawa mbili na hata kuzidi. Darasani rakamu hii haina maana yoyote kwa mtoto, lakini mtoto wa kwetu analijua debe. Debe la lita 20 likijazwa mara 50 ndiyo mita moja ya ujazo. Wanafunzi wakokotoe wenyewe: mita mbili ni madebe 100. Waulize walipochota maji jana walibeba madebe mangapi, na kutoka mbali gani. Tumeona darasa lenye kelele likinyamaza kwa hesabu hiyo peke yake. Hakuna haja ya kuwachimbisha shimo. Baadhi ya wanachuo wetu walidhani ni lazima, wakamaliza kipindi wakitafuta majembe.

Warudipo darasani, mwalimu anaweza kutumia hesabu ya pili, ambayo sisi tunaipenda zaidi. Husemwa mara nyingi kwamba reli hii iligharimu roho moja kwa kila taruma. Maneno hayo yanapendeza masikioni, na tumeyakuta katika maandalio ya somo ya wanachuo kadha wa kadha. Mwalimu ayaandike ubaoni, kisha awaambie watoto wayapime. Kilomita 415 ni mita 415,000. Tukisema mataruma hupangwa kwa nafasi ya sentimita 75 hivi, reli hiyo ilihitaji mataruma zaidi ya 550,000. Waliokufa, mateka na vibarua pamoja, ni kama 102,500. Kwa hiyo maneno yale si kweli. Usiishie hapo, maana mtoto atadhani kwamba jambo lenyewe halikuwa kubwa. Gawanya 415,000 kwa 102,500. Jibu ni mita nne na sehemu ndogo. Mtu mmoja kila mita nne.

Urefu wa darasa la kawaida ni kama mita nane. Mwalimu atembee polepole kutoka ubaoni hadi ukuta wa nyuma, asimame katikati, asimame tena mwishoni. Asiseme neno. Kisha watoto wagawanye tena, makundi mawili mbalimbali: mateka 12,500 hutoa mtu mmoja kila mita 33, vibarua 90,000 hutoa mtu mmoja kwa kila mita nne na nusu au kidogo kuzidi. Kwa hesabu hii mtoto aliyeisikia filamu nyumbani ataona mwenyewe kwamba alisimuliwa habari za sehemu ndogo ya watu.

Kipindi cha pili: daftari la mahudhurio

Kipindi hiki mwalimu akianze kwa kuita majina, kama afanyavyo kila asubuhi. Amalizapo, alinyanyue daftari na aulize: daftari hili likipotea, nani atajua leo nani alikuwapo? Kutoka hapo aeleze habari za orodha zilizofichwa na zile ambazo hazikuandikwa kamwe.

Kisha achore jedwali la safu tatu, akitumia darasa la watoto 40 kama kipimo. (Mwenye watoto 90 atajua la kufanya.) Kati ya mateka 40, walikufa 8. Kati ya watu 40 wa kikosi kimoja kilichoitwa F, mateka 7,000 waliotolewa Singapore mwezi wa Aprili 1943 na kutembezwa kwa miguu usiku kwa usiku kiasi cha kilomita 300, walikufa 17 au 18, kwani wafu wake walizidi 3,000. Na kati ya vibarua 40? Hapa watoto watapata majibu mawili. Ikiwa vibarua wote walikuwa 180,000, jibu ni 20. Ikiwa walikuwa 250,000, jibu ni 14. Mwalimu asifute jibu lolote. Watoto wamezoea kwamba hesabu ina jibu moja, na mmoja wao atasimama kudai alilopata yeye ndilo sahihi. Mwache adai. Kisha umwulize kwa nini safu za mateka zina jibu karibu na hakika na safu ya vibarua haina. Akikuambia kwamba hakuna aliyewaita majina, somo limefika.

Onyo juu ya maigizo

Kuna jambo ambalo hatuna budi kulisema wazi, kwa kuwa sisi wenyewe tulichangia kosa. Katika mihadhara yetu huwa tunasifu maigizo kama njia ya kuhuisha historia. Safari moja tulikwenda kumkagua mwalimu mwanafunzi aliyekuwa akifundisha mada hii. Aliligawa darasa: robo wawe walinzi, wengine wawe mateka. Walinzi walipewa fimbo za ubaoni na rula. Mateka walibeba mawe kutoka mlangoni hadi dirishani. Mwanzoni kila mtu alicheka. Baada ya dakika kumi walinzi hawakuwa wakicheka tena. Walikuwa wakifoka kwa bidii, na mvulana mdogo aliyeangusha jiwe lake alichapwa rula ya mguu, kwa nguvu, na rafiki yake wa kukaa dawati moja. Mwalimu alipoagiza waache, walinzi wawili hawakumsikia. Alipowauliza mwishoni wamejifunza nini, msichana mmoja alijibu bila kusita: ni bora kuwa mlinzi.

Mwanachuo alihuzunika sana, akatuuliza alikosea wapi. Tulimjibu kwamba maandalio yake yalikuwa safi na wala hakukosa bidii. Lakini maigizo humfanya mtoto aonje jambo, na si kila jambo la kuonjwa. Igizo la wazee wakijadiliana kuuza ardhi ni jema. Igizo la kumtesa mtu humfundisha mtoto kutesa. Tangu siku hiyo tunawashauri wanachuo kwamba mateso yasiigizwe kamwe, wala watoto wasilazwe sakafuni kuwa maiti. Kamba, debe na daftari la mahudhurio vinatosha.

Tahadhari ya pili ni juu ya chuki. Watoto watauliza kama Wajapani ni watu wabaya. Yafaa mwalimu awe na habari mbili tayari. Ya kwanza, baada ya vita watu 111 walishitakiwa kwa makosa ya jinai ya vita katika reli hii, na 32 kati yao wakahukumiwa kifo. Yaani walihukumiwa watu kwa matendo yao, si taifa kwa jina lake. Ya pili, wengi wa walinzi waliowachapa mateka walikuwa Wakorea, ambao nchi yao yenyewe ilikuwa koloni la Japani, na ambao jeshini waliwekwa chini kuliko askari wote wa Kijapani. Mtoto mwenye akili atajua ni kwa nini aliyechapwa asubuhi humchapa mwenzake jioni, ameyaona uwanjani.

Kuileta habari nyumbani

Sehemu hii mwalimu aipe muda, hata kama ni kwa kupunguza ramani.

Malaya ilipotekwa, Uingereza ilipoteza mpira wake. Ufilipino na Java zilipotekwa, nchi zilizopigana na Japani zilipoteza nyuzi zao za kamba. Ndipo serikali ya kikoloni ilipogeukia Tanganyika. Mashamba ya mpira yaliyoachwa tangu zama za Wajerumani yakafufuliwa, katani ikaongezwa, na maelfu ya watu wakaandikishwa kwa nguvu wakafanye kazi mashambani, kila wilaya ikitakiwa kutoa idadi yake. Kwa hiyo mwaka 1943 Mtamil aliyekuwa akigema mpira Malaya alikuwa akibeba udongo Thailand, na Mtanganyika alikuwa akishurutishwa kugema mpira ili kuziba pengo lile lile. Hatusemi kwamba mambo haya mawili yalikuwa sawa. Mashamba ya Tanganyika hayakuua nusu ya waliopelekwa, na mwalimu atakayeyalinganisha bila kupima ataharibu kazi nzuri aliyoifanya kwa hesabu. Lakini mtoto anastahili kujua kwamba serikali iliyolalamikia kazi ya shuruti upande mmoja wa bahari iliandika sheria za kazi ya shuruti upande wa pili.

Wako pia Keya. Askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakiwamo wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland, walipigana katika bonde la Kabaw mwaka 1944 na kufika mto Chindwin mwezi wa Desemba, wakilifukuza jeshi lile lile ambalo reli ile ilijengwa ili kulilisha. Walikanyaga matope ya masika yale yale, kilomita mamia kadhaa kaskazini ya reli. Familia nyingi hukumbuka tu kwamba babu alikwenda 'Bama'.

Na liko soko la Kariakoo. Waulize watoto jina hilo lilitoka wapi. Wachache watajua kwamba linatokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza walizidi 40,000 kwa hesabu zilizoandikwa, na wanahistoria wengi huona kwamba idadi ya kweli ilikaribia 100,000. Wengi wao hawakuwekewa jiwe la kaburi wala jina. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika taarifa yake kwamba katika vita hivyo Waafrika na Waasia wengi hawakukumbukwa sawasawa na askari wa Kizungu. Ilichukua zaidi ya miaka mia moja kulisema.

Kazi ya nyumbani iwe ni jedwali dogo. Kila mtoto aulize kwa wazee wake kama yuko ndugu, jamaa au jirani wa zamani aliyepelekwa vitani au kuandikishwa kazi ya nguvu: jina lake, mahali alipopelekwa, na kama alirudi. Watoto wengi watarudi na safu moja tupu, na baadhi yao, kwa kuogopa kukosa alama, watabuni. Mwalimu awaambie mapema kwamba safu tupu haikosoleshwi. Mahali ambapo mzee amesahau, mtoto aandike kwa wino, wala si kwa penseli: jina halijulikani. Majedwali yakusanywe, yashonwe pamoja, na yawekwe katika kabati la shule, ili darasa la mwakani liendelee na kuuliza.